Baiskeli Si ya Mizigo Peke Yake



Tulipotembelea kikundi kimoja huku upande wa Magharibi, muuguzi wa zahanati alikuwa amealikwa kupima watu presha kabla ya mkutano kuanza. Wazee walitangulia, kama ilivyo desturi, na wengi wao wakapatikana wako sawa. Waliopatikana na presha imepanda ni mweka hazina, mama wa duka mwenye miaka arobaini na kitu, kijana mmoja wa bodaboda, na mmoja wetu wa ofisini, yule aliyekuwa amekuja kufundisha watu. Tulirudi nyumbani kimya.

Njiani ndipo tukaanza kuulizana. Presha ina sababu nyingi: chumvi, unene, pombe, sigara, na pengine ni ya ukoo. Hatuwezi kusema ni jambo moja. Lakini kuna moja ambalo tulilitambua mara hiyo. Mwili wetu haufanyi kazi vile ulivyokuwa ukifanya. Zamani ofisi yetu ilikuwa na baiskeli nne, zile nyeusi nzito tunazoita blackmamba, na ndizo zilitufikisha kwenye vikundi, kilomita kumi kwenda na kumi kurudi. Kisha tukapata pikipiki, tukashukuru Mungu. Baiskeli ya mwisho imeegemezwa ukutani huko stoo, magurudumu hayana upepo, na kuku hulala juu ya usukani.

Si sisi tu. Watu wa Busia watawaambia kwamba bodaboda ilianzia kwao katika miaka ya 1960, nayo ilikuwa baiskeli. Abiria aliketi kwenye keria iliyowekwa mto, akavushwa kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda, na jina likatoka hapo. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa vijijini. Zimetusaidia sana, hasa usiku mama mjamzito anapohitaji kufika hospitali, na hatuna neno nazo. Ila lile jasho lililokuwa likitutoka bila sisi kufikiria, lilikatika.

Sasa kuna mtu atasema mazoezi ni mambo ya watu wa mjini. Kwa upande mmoja ana haki. Mtu aliyelima tangu alfajiri hadi saa sita, au mama aliyechota maji mara tatu na kuni juu yake, hahitaji kuhubiriwa mazoezi. Wala yule kijana anayesukuma baiskeli na magunia ya makaa. Huyo anahitaji kupumzika. Tunaandika kwa ajili ya wale wengine: mwenye duka, fundi wa cherehani, mwalimu, mtu wa bodaboda, katibu wa kikundi, na hata mkulima ambaye siku hizi ameajiri kijana wa kumlimia. Hawa huketi kutwa na kula kama wanaolima.

Mwili unafanya nini juu ya baiskeli

Misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ya mapaja na makalio, na hiyo ndiyo hukanyaga pedeli. Misuli hiyo ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama kuni. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa sukari hufaidika. Moyo nao ni msuli. Ukiuzoeza kusukuma damu kwa nguvu kiasi, mara kwa mara, unakuwa imara na kazi ya kila siku inakuwa nyepesi kwake. Mishipa hulegea na presha hushuka polepole. Si kwa siku moja, na si badala ya dawa: aliyeandikiwa dawa aendelee kuzimeza.

Jambo lingine wazee watalipenda. Ukikimbia, magoti hubeba uzito wako wote kila hatua. Juu ya baiskeli uzito mwingi unabebwa na kiti, kwa hiyo mtu mnene au mwenye magoti ya kulalamika anaweza kuendesha pale asipoweza kukimbia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hizo 150 ni nusu saa, siku tano. Nguvu ya kadiri utaijua hivi: unahema, unaweza kuongea na mwenzako aliye kando yako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza.

Tena kuna raha yake. Tumezoea kuona baiskeli kama punda, haitoki bila gunia au mtungi. Kuitoa bure jioni, bila mzigo, kwenda tu kuona mto umejaaje, wengine wataona ni upuuzi. Si upuuzi. Huko Kikuyu, karibu na Nairobi, mwendeshaji David Kinjah amefundisha vijana baiskeli kwa miaka mingi. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Alianza kwa kuwafuata wakubwa kwenye barabara zetu, na baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Hatusemi mkashindane Ufaransa. Tunasema alianza kwa kupenda.

Kuanza

Mwenye presha ya juu sana, mwenye ugonjwa wa moyo, au anayeumwa kifua akipanda mlima, apitie zahanati kwanza. Anayedungwa insulini au kumeza dawa za sukari amwulize daktari, na abebe kitu kitamu mfukoni, maana sukari yaweza kushuka ghafla njiani. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, shuka. Usione haya.

Wiki ya kwanza dakika kumi zatosha, mahali tambarare. Ongeza kidogo kidogo. Mlima ukikushinda, shuka usukume. Hiyo pia ni mazoezi.

Kosa tunaloliona kila mahali ni kiti kilicho chini mno. Mtu anaendesha magoti yakigonga usukani, kisha analalamika goti linauma. Pima hivi: mwenzako ashike baiskeli, wewe keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwambie fundi akuinulie. Cheni itiwe mafuta mepesi kama yale ya cherehani, kisha upanguse yanayozidi, kwa sababu mafuta mengi hukusanya vumbi la murram. Usitie mafuta ya kupikia, hugeuka gundi.

Breki zijaribiwe kabla ya kutoka, zote mbili. Shika upande wa kushoto wa barabara, vaa nguo inayoonekana, na kofia ngumu ukiweza kuipata. Barabara ya lami yenye matatu iacheni kama kuna njia nyingine. Jioni rudini kabla giza halijaingia, au muwe na taa.

Akina mama

Hapa tunakiri kosa. Katika baiskeli zetu nne za zamani, hakuna iliyopewa mfanyakazi wa kike. Hakuna aliyekataza, ilionekana tu haifai, na sisi tukanyamaza. Vijiji vingi vingali hivyo. Msichana hufunzwa kubebwa kwenye keria, hafunzwi kuendesha. Na yule mweka hazina alipoambiwa na muuguzi ajaribu kutembea au baiskeli, alicheka, akasema, "Mimi? Watu watasema nimerukwa na akili."

Lakini alirudi kwetu baada ya wiki mbili, na swali lake halikuwa la aibu bali la rinda: si litaingia kwenye cheni? Litaingia, kama ni refu na cheni haina kifuniko. Fundi wa jua kali anaweza kukunja bati akaifunika, na vilevile upande wa spoki za nyuma. Baiskeli ya kike, isiyo na ule mtaimbo wa juu, hupandwa kwa urahisi. Wengine huvaa suruali ndani ya rinda, basi.

Yeye na wanawake wengine watatu wa kikundi wanajifunza sasa kwenye uwanja wa shule Jumamosi jioni, watoto wakiwa wameenda nyumbani. Wana baiskeli moja kati yao. Aliyeanguka ni mmoja, na ni kiwiko tu. Wametuuliza kuhusu ile ya stoo. Fundi ameitazama: inahitaji tyubu mbili, raba za breki na spoki sita, na tumemwambia aitengeneze.