Fahamu Jinsi Tovuti za Huduma Zinavyokaguliwa Kabla ya Kumfikia Mwananchi

Mwananchi anapofungua tovuti ya Serikali ili kuomba cheti, kulipia leseni au kusajili biashara, hukutana na kisanduku cha kujaza jina, orodha ya kuchagua mkoa na kitufe cha kutuma ombi. Kila kimoja kati ya hivyo ni kipengele cha ukurasa. Kimoja tu kisipofanya kazi, ombi zima hukwama, hata kama mitambo iliyo nyuma ya tovuti ni mizima.

Marekani ilikumbana na hali hiyo ilipozindua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, Oktoba 1, 2013. Watu wengi walishindwa kufungua akaunti, na miongoni mwa kasoro zilizoripotiwa ni orodha za maswali ya usalama kutofanya kazi. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge la nchi hiyo zilionesha kuwa watu sita tu ndio waliokamilisha kujiandikisha siku ya kwanza. Oktoba 24 mwaka huo, wakandarasi waliieleza kamati ya Baraza la Wawakilishi kuwa majaribio ya mfumo mzima yalifanyika katika wiki mbili za mwisho kabla ya uzinduzi.

Ili kubaini kasoro mapema, wataalamu hutumia majaribio ya kiotomatiki, ambapo programu hufungua kivinjari, hujaza fomu na kubofya vitufe kama afanyavyo mtumiaji. Miongoni mwa zana zinazotumika sana ni Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins akiwa katika kampuni ya ThoughtWorks, jijini Chicago, na ambayo hutolewa bila malipo. Juni 5, 2018, shirika la W3C linalosimamia viwango vya wavuti lilipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi, ili amri zilezile zitumike katika vivinjari mbalimbali.

Ukaguzi wa kipengele hujibu maswali manne. La kwanza, je, kipo? Programu hukitafuta kwa kitambulisho chake, jina lake au mahali kilipo katika muundo wa ukurasa. La pili, je, kinaonekana? Kipengele kinaweza kuwapo katika muundo huo lakini kikawa kimefichwa machoni pa mtumiaji. La tatu, je, kimeruhusiwa kutumika? Kitufe chenye rangi iliyofifia huonekana, lakini hakibofyeki. La nne, je, kinatoa matokeo yaliyokusudiwa, kwa mfano namba ya kumbukumbu baada ya ombi kutumwa?

Kosa la kawaida ni kuishia kwenye swali la kwanza. Jaribio la namna hiyo hutoa majibu mazuri hata pale tangazo linapokuwa limekifunika kitufe, na mwananchi akabaki hana la kufanya. WebDriver inapoagizwa kubofya kitufe kilichofunikwa na kitu kingine, hurejesha taarifa ya kosa. Mtaalamu hapaswi kuikwepa taarifa hiyo kwa kutumia mbinu ya kulazimisha mbofyo, kwani mwananchi hana uwezo huo.

Jambo jingine ni muda. Vipengele vingi huchelewa kutokea kwa sababu taarifa zake huletwa baada ya ukurasa kufunguka. Kuiagiza programu isubiri sekunde kadhaa zilizopangwa si suluhisho, kwa kuwa intaneti huwa na kasi tofauti. Njia bora ni kuiagiza isubiri hadi sharti fulani litimie, kwa mfano kitufe kiweze kubofyeka, na kuweka ukomo wa kusubiri.

Hata hivyo, majaribio ya kiotomatiki hayachukui nafasi ya binadamu. Programu inaweza kuthibitisha kuwa maelekezo yapo, lakini haithibitishi kuwa yanaeleweka kwa mkulima anayetumia simu ndogo, wala kwamba mtu asiyeona ataweza kukamilisha ombi lake. Ndiyo maana majaribio yanayohusisha watumiaji wenyewe huendelea kuhitajika.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anapokutana na kitufe kisichofanya kazi, anashauriwa kutoa taarifa kwa taasisi husika akieleza ukurasa aliokuwapo, saa, aina ya kivinjari na ujumbe uliotokea, bila kutaja nywila yake. Maelezo hayo humwezesha mtaalamu kurudia hatua zilezile, kurekebisha kasoro na kuandaa jaribio litakaloibaini iwapo itajirudia.