Jumapili Tulikwenda Kazini: Miaka Minne ya Walimu Wawili Sharafiya

Mhariri alipotuomba tuandike kuhusu miaka yetu ya Jidda, tulikaa mezani jioni nzima tukibishana tuanzie wapi. Mmoja alitaka tuanze na mshahara, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza la kila anayetupigia simu. Mwingine alitaka tuanze na msiba. Mwishowe tumekubaliana kuanza na siku za juma, maana hili ni jarida la Kiswahili.

Sisi ni mume na mke, Wakristo, na wote wawili tulikuwa wanachama wa chama hiki. Mmoja alisomea Kiswahili na Jiografia, mwingine Hisabati na Fizikia. Kuanzia Agosti 2016 hadi Oktoba 2020 tulifundisha katika shule ya kibinafsi mjini Jidda, Saudi Arabia, na makazi yetu yakawa mtaa wa Sharafiya.

Juma lililoanza siku nyingine

Hapa chuoni tuliwahi kufundishwa kwamba Mswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa, ilhali Mwarabu huanzia Jumapili na kuiita al-ahad, yaani ya kwanza. Ndiyo sababu Kiswahili kina "tano" mbili zinazofuatana: Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu, na Alhamisi ni ya tano kwa hesabu yao. Darasani jambo hilo lilikuwa alama mbili za mtihani. Kule Jidda likawa maisha yetu.

Tangu Juni 2013, mapumziko ya mwisho wa juma nchini Saudia ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo Jumapili alfajiri, saa ambayo wazazi wetu nyumbani walikuwa wakipiga pasi nguo za kanisani, sisi tulikuwa tunasubiri basi la shule na mikoba ya vitabu. Kengele ya kwanza ililia saa moja kasorobo. Mwaka wa kwanza jambo hilo lilituuma kila juma. Mwaka wa pili tulikuwa tumezoea kiasi kwamba siku tuliyorudi likizo tulisahau kwenda ibada, na mama akatuuliza kama tumeacha dini.

Tulifundisha shule moja, lakini hatukuonana kuanzia asubuhi hadi alasiri. Wavulana walikuwa na jengo lao na wasichana lao, kila moja na mlango wake, walimu wake na chumba chake cha walimu. Mmoja wetu alivaa abaya mpaka ndani ya lango, akaivua na kuitundika, akafundisha siku nzima bila kumwona mwanamume hata mmoja. Kama kulikuwa na ramani au rula ya kuazimana, ilipitia kwa bawabu. Wanafunzi wa pande zote mbili walijua kwamba sisi ni mke na mume, na walifurahia kutupelekea salamu: "Mwalimu, mumeo leo amekasirika, tumefeli wote."

Mtaa wenyewe

Sharafiya uko katikati ya Jidda, si mbali na Balad, mji wa kale. Anayefika kwa mara ya kwanza akitarajia kusikia Kiarabu atashangaa, kwani lugha inayotawala vibarazani ni Kimalayalam. Wahindi wa Kerala wameufanya mtaa huo kuwa wao: maduka ya vyakula, zahanati, vinyozi, mafundi wa simu, ofisi za kutuma pesa na mikahawa inayojaa Alhamisi usiku. Pembeni yao wako Wafilipino, Wasudani, Wayemeni, Wahabeshi na sisi wachache wa Afrika Mashariki.

Tulipata chumba na sebule katika ghorofa ya tatu ya jengo la zamani. Lifti ilifanya kazi ilipotaka, na maji yalipandishwa kwenye tangi la juu kwa pampu iliyounguruma usiku kucha. Julai joto lilipopita nyuzi 40 na unyevu wa Bahari ya Shamu ukakaa juu ya mji kama blanketi, kiyoyozi kikawa mwanajumuiya wa tatu wa nyumba yetu. Kikiumwa, sote tuliumwa.

Chakula hakikutupa taabu. Mikahawa ya Kerala ilipika mihogo kwa samaki wa mchuzi mkali, na chapati zao za tabaka tabaka zingemfanya mtu wa Mombasa adhani yuko Majengo. Asubuhi za Ijumaa tulinunua fuli na mkate wa tamisi, mkubwa kama sinia, moto kutoka tanuri.

Kiswahili kilitubeba na pia kilituaibisha. Tulijua kusema asubuhi, sabuni, sukari, hesabu na hatari, na wenyeji walituelewa. Lakini jirani alipobisha mlangoni nasi tukamwambia "karibu", yeye alisikia "qarib", yaani "si mbali". Akauliza: nini kiko karibu? Tulishangaa zaidi kumsikia muuza fuli akiitwa "mualim" na wateja wake, maana kule fundi wa kazi yoyote huheshimiwa kwa jina hilo. Kisha kuna neno madrasa, ambalo kwa Mwarabu ni shule yoyote ile. Siku moja mmoja wetu alimwambia mama kwa simu, kwa utani, "Sasa hivi natoka madrasa." Simu ikanyamaza. Baada ya kitambo mama akauliza polepole, "Mumeo anajua?"

Imani ndani ya kuta nne

Saudia haina kanisa hata moja. Dini nyingine haziruhusiwi kuabudu hadharani. Maofisa wa serikali wamewahi kusema kwamba ibada ya faragha nyumbani haina tatizo, lakini wageni waliotutangulia walituonya tusitegemee sana maneno hayo. Walitukumbusha habari za Desemba 2011, pale Jidda penyewe, Wahabeshi Wakristo 35 walipokamatwa wakiwa katika mkutano wa maombi nyumbani. Shirika la Human Rights Watch lilipaza sauti juu yao, lakini walikaa kizuizini miezi mingi kabla ya kurudishwa kwao.

Kwa hiyo tulisali Ijumaa asubuhi, sisi wawili, wakati mwingine wanne. Madirisha yalifungwa, Biblia ilikuwa ndani ya simu, na nyimbo tuliziimba kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mmoja wetu alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu utotoni, na kwake hili lilikuwa gumu kuliko joto na kuliko upweke. Desemba 25 tulisahihisha mitihani. Jioni tulipika pilau, tukala na kulala.

Tusifanye hata hivyo kama kwamba tuliishi kwa hofu kila siku. Ramadhani hatukula wala kunywa mbele za watu, kama sheria inavyotaka, na kwetu tuliokulia jirani na Waislamu hilo lilikuwa adabu ya kawaida. Magharibi ikiadhiniwa, mlango uligongwa: sambusa, supu, tende. Sahani haikurudi tupu, tuliijaza mahamri. Shule ilipopeleka wanafunzi umra, wenzetu walijua kwamba sisi hatuendi. Makka iko mwendo wa saa moja hivi kutoka Jidda, lakini barabarani kuna kibao kinachomwelekeza asiye Mwislamu njia nyingine, na dini ya mtu imeandikwa kwenye iqama yake, yaani kitambulisho cha ukaazi. Wanafunzi wetu walipanda basi wakatuuliza tuwaombee nini. Tukawaambia watuombee sisi.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mzee wa Kisudani, mhasibu, aliyetuita "wanangu wa Najashi". Alitueleza kisa ambacho pengine baadhi yenu mnakijua: namna Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, wakashuka pwani hadi Shuaiba, kusini mwa Jidda ya leo, wakavuka bahari kwenda Uhabeshi, na namna mfalme Mkristo wa huko alivyokataa kuwatoa. Kila alipotutambulisha kwa mgeni alianza na kisa hicho. Tulihisi ni deni la kale ambalo mzee yule alikuwa akitulipa sisi, ingawa si sisi tuliomkopesha.

Ruhusa ya mmoja

Sasa tuje kwenye lile ambalo mmoja wetu alitaka tuanze nalo.

Mgeni aliyefanya kazi Saudia alikuwa na mdhamini, kafili. Wakati ule hakuweza kutoka nchini na kurudi bila viza ya kutoka na kurejea, nayo ilihitaji idhini ya mwajiri wake. Katika ndoa yetu mume aliajiriwa chini ya udhamini wa shule, na mke aliandikwa kuwa mtegemezi wa mume, kisha akapewa kibali cha kufundisha. Kuanzia Julai 2017 kila mtegemezi alitozwa riyali 100 kwa mwezi, na ada hiyo ikapanda kwa riyali 100 kila mwaka hadi kufikia 400 mwaka 2020. Kwa hiyo tulimlipia mke kodi ya kuwa mke.

Februari 2018, Jumanne saa nne usiku, simu ililia kutoka Taita. Baba amefariki. Baba mzazi wa mmoja, baba mkwe wa mwingine. Mzee aliyeuza ng'ombe wawili ili mtoto wake wa kike aje kusoma Kiswahili katika chuo hiki, majirani wakimcheka kwamba anamlipia mtoto asome lugha anayoijua tayari.

Viza ya mke ilipatikana kwa dakika chache. Mdhamini wake alikuwa mumewe, kwa hiyo mume alifungua programu ya serikali kwenye simu, akalipa riyali 200, akabonyeza, basi. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, aliruhusiwa kwenda kumzika babake kwa kidole cha mumewe. Lakini mume mwenyewe hakuwa na kidole cha kujiruhusu. Mwenye shule alikuwa na huruma, alitupa pole na hata akasimama, lakini alisema wiki ile ni ya mitihani, na walimu wawili hawawezi kuondoka pamoja. "Mmoja anatosha," alisema.

Mmoja wetu akapanda ndege peke yake. Mmoja akabaki.

Aliyebaki alifundisha Jumatano na Alhamisi. Jumamosi, saa ya mazishi, aliketi sakafuni na simu mkononi akitazama kaburi kupitia kioo kilichopasuka pembeni. Jeneza lilipoanza kuteremshwa, mtandao ukakatika. Ulirudi watu wakiwa tayari wanaweka mashada.

Jioni ile mlango uligongwa. Mzee wa Kisudani alikuja na wanawe na birika la chai. Nyuma yake alikuja mpangaji wa Kerala wa ghorofa ya pili, Mkristo wa kanisa linalojivunia asili yake kwa Mtakatifu Tomaso, na sufuria ya mihogo. Kisha wakaja walimu wawili wa upande wa wavulana, Mmisri na Mpakistani. Walivua viatu, wakaketi mkekani, kila mmoja akasema pole kwa lugha yake. Mzee alisema "al-baraka fikum", baraka ibaki kwenu, kama wasemavyo Wasudani penye msiba. Hawakuuliza baba alikuwa wa dini gani. Walikaa siku tatu, kila jioni baada ya isha, kama matanga ya nyumbani. Siku ya tatu Mkerala aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa kwa lugha yake, chini chini, na mzee wa Kisudani akainuka kimya kimya, akaenda kusimama mlangoni kwa nje mpaka wimbo ukaisha.

Yeye aliyebaki amelieleza hili kwa yule aliyekwenda mara nyingi. Kila mara tunanyamaza mahali hapo hapo.

Mnaotuuliza kuhusu kwenda

Riyali moja ilikuwa kama shilingi 27 wakati ule. Tulilipa deni la masomo, tukanunua kiwanja, tukawasomesha wadogo zetu wawili. Hatuwezi kuwaambia msiende, hali sisi tumejenga kwa pesa hizo. Tuliona pia nchi ikibadilika mbele ya macho yetu: Juni 2018 wanawake walianza kuendesha magari, na wasichana wa kidato cha juu wakaja darasani na hesabu za mwendo kasi ambazo hatukuwapa.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, ndege zikasimama, nasi tukafundisha kupitia kompyuta mpaka safari zilipofunguliwa. Tukarudi. Miezi michache baadaye, Machi 14, 2021, sheria mpya ilianza: mfanyakazi wa kigeni kama sisi anaweza kuomba mwenyewe viza ya kutoka na kurejea bila idhini ya mwajiri. Tuliisoma habari hiyo tukiwa Taita, hatua chache kutoka kaburi la mzee. Imechelewa kwetu kwa miaka mitatu. Na dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, ambao ndio wengi wa watu wetu kule, sheria hiyo haikuwagusa.

Kwa hiyo anayekwenda asome mkataba kabla ya kuhesabu mshahara. Kama mnakwenda wawili, ulizeni kila mmoja yuko chini ya udhamini wa nani, na nani ataruhusu nani siku simu ya usiku itakapolia. Waambieni wazazi ukweli kabla ya kuondoka, kwamba huenda mkakosa kuwazika. Sisi hatukumwambia baba.

Mwaka jana mzee wa Kisudani alituandikia kutoka Port Sudan. Alifunga barua yake kwa neno moja la Kiswahili tulilomfunza, ambalo sasa analitumia tunavyolitumia sisi: karibu.