Je, Wajua? Mzazi aliyewahi kufungwa na haki ya kukaa na mtoto

Je, wajua kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haina kifungu kinachosema kuwa mzazi aliyewahi kufungwa amempoteza mtoto wake? Wala Sheria ya Mtoto ya 2009 haina. Zote mbili zinamtaka hakimu aangalie ustawi wa mtoto kwanza. Nimelitanguliza hili kwa sababu yale maneno ya "wewe ulishafungwa, mtoto humpati" yamewavunja moyo wazazi ambao hawajakanyaga hata ngazi ya mahakama.

Je, wajua kwamba hata hivyo rekodi haifumbiwi macho? Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitaka mahakama itazame mwenendo wa mzazi, na kama mtoto ameshaumizwa au yuko hatarini kuumizwa. Hapo ndipo kosa linapopimwa: lilikuwa la aina gani, lilimwumiza nani, ni la lini, na tangu atoke gerezani mzazi ameishi vipi. Kijana aliyeiba simu akiwa na miaka 20, leo ana 35 na genge lake la mboga linamlisha, hawezi kuwekwa kapu moja na mtu aliyempiga mkewe mwaka jana huku watoto wanatazama.

Je, wajua kwamba mzazi anaweza kushinda kesi ya jinai na bado akashindwa ile ya mtoto? Ili mtu atiwe hatiani, kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka. Shauri la malezi ni la madai: hakimu hupima upande upi una uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Kwa hiyo fomu ya polisi ya matibabu, ushahidi wa jirani aliyesikia kelele usiku, na maelezo ya mwalimu aliyeona alama mgongoni vinaweza kuwa na uzito hata kama kesi ya shambulio ilifutwa. Tena Kenya ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, inayomwezesha aliyeumizwa kuomba amri ya ulinzi bila kusubiri mtu ahukumiwe.

Upande wa pili nao usisahaulike: kushtakiwa si kutiwa hatiani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, imelisema hilo, na ya Kenya ibara ya 50.

Je, wajua kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake? Ndivyo ilivyo Tanzania, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa, na mama aliyemtesa mtoto hawezi kujifichia humo. Na ikiwa baba na mama wote hawafai, mahakama inaweza kumkabidhi mtoto kwa ndugu: bibi, shangazi, mjomba.

Je, wajua ni nani anayeweza kumsaidia hakimu kumjua mzazi nje ya yale makaratasi? Ni afisa ustawi wa jamii, au afisa wa watoto kama wanavyomwita Kenya. Anafika nyumbani. Anauliza mtoto analala wapi, anaangalia kama kuna chandarua, anataka kuona daftari za shule na kadi ya kliniki. Anaongea na jirani, na akipata nafasi anaongea na mtoto peke yake, mbali na macho ya mzazi. Aliyewahi kufungwa hana sababu ya kumkimbia afisa huyu. Akificha kifungo chake kisha kikaja kufahamika, ule uongo utamponza kuliko kosa lenyewe.

Je, wajua kwamba katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, uadilifu ni miongoni mwa sharti za mwenye kulea? Fasiki, yaani asiye mwadilifu, hapewi hadhana, yaani haki ya kulea mtoto.

Je, wajua kwamba nchini Kenya mtoto anaweza kukaa gerezani na mama yake mpaka atimize miaka 4? Nikiwaza mtoto anayejifunza kutembea ndani ya ua wa gereza, naona Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 ulifanya jambo la maana mno. Ibara yake ya 30 inataka mama wa mtoto mchanga au mdogo afikiriwe kwanza adhabu isiyo ya kifungo.

Afrika Kusini waliliishi hilo. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilisikiliza shauri la mama aliyekuwa akilea peke yake wanawe watatu na aliyetiwa hatiani kwa ulaghai mara nyingi. Jaji Albie Sachs aliandika kwamba anayehukumu mlezi mkuu wa watoto lazima awafikirie watoto hao pia. Mama hakurudishwa gerezani: aliwekwa chini ya uangalizi, akaamriwa kufanya kazi za jamii na kuwarudishia fedha aliowalaghai.

Je, wajua kwamba amri ya malezi si ya milele? Hali ikibadilika, mzazi anaweza kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe, na wakati akisubiri aombe walau kumtembelea mtoto, hata kama ni mbele ya mtu wa tatu. Siku hiyo aende na karatasi zake: hati ya kuachiwa gerezani, barua ya serikali ya mtaa, uthibitisho wa kazi anayofanya, na risiti ya kila shilingi aliyomtumia mtoto, hata zile za daftari na viatu.