Plazma ipi unayoisema?

Pale kwenye vimbweta, mtu wa famasia na mtu wa fizikia wanaweza kubishana nusu saa kuhusu plazma na wote wakawa sahihi. Shida inaanza mmoja anapobeba maelezo ya mwenzake hadi kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na fizikia. Gesi ya kawaida haipitishi umeme kirahisi, kwa sababu atomi zake zimeshikilia elektroni zao. Ipe joto kali mno au umeme wa nguvu, elektroni zinabanduka. Unabaki na mchanganyiko wa elektroni huru na ioni, chaji hasi na chanya zikiwa karibu sawa, na mchanganyiko huo sasa unapitisha umeme. Hiyo ndiyo plazma. Jua ni plazma, njia ya radi angani ni plazma. Hata tyubulaiti ya hosteli (kama bado hawajaleta LED) ina plazma ndani inapowaka.

Jina ni la Kigiriki, maana yake kitu kilichofinyangwa, na watu wa biolojia ndio walitangulia kulitumia. Mwaka 1928 Irving Langmuir wa Marekani, aliyekuwa akichunguza umeme ndani ya gesi, akalichukua. Mwenzake, Harold Mott-Smith, alieleza baadaye kwamba gesi ile, kwa jinsi ilivyobeba elektroni zenye kasi na ioni za uchafu, ilimkumbusha Langmuir plazma ya damu inavyobeba seli nyekundu na nyeupe. Kwa hiyo fizikia ilikopa hospitali! Ila mfano wenyewe una mwisho wake. Ondoa seli kwenye damu, plazma inabaki. Ondoa elektroni na ioni kwenye plazma ya fizikia, plazma yenyewe imekwisha.

Ya damu ni yale majimaji ya manjano, kama asilimia 55 ya damu yote. Sehemu kubwa ni maji, halafu kuna chumvi, glukosi, homoni na protini. Usiichanganye na seramu, hapo ndipo sapu nyingi zinapoanzia: seramu ni majimaji yanayobaki damu ikishaganda, protini ya fibrinojeni ikiwa imeshatumika.

Na wenye kundi AB, mmezoea kuambiwa kazi yenu ni kupokea tu. Kwa seli nyekundu ni kweli, zenu zinawafaa AB wenzenu. Kwenye plazma mambo yanageuka. Plazma ya AB haina kingamwili dhidi ya A wala B, kwa hiyo inaweza kupewa mgonjwa wa kundi lolote, kwa mfano anayevuja damu nyingi na kundi lake halijajulikana. Yule wa O anayesifiwa kila siku, plazma yake ina kingamwili zote mbili, na anayefaa kupewa ni O mwenzake.