Simu mpelekee fundi, miguu peleka duka la dawa

Mvua ya Kakamega haina adabu. Ukishinda ndani ya gambuti kutoka Lurambi hadi sokoni, jioni vidole vinawasha balaa. Mwaka jana fangasi walinitafuna hadi ngozi ikapasuka. Badala ya kununua dawa, nikamsikiliza beste yangu, fundi wa simu: betri ya volti 9, nyaya mbili, sponji yenye maji ya chumvi. "Stima kidogo inaua kila kijidudu," akaniambia.

Wazo hilo si lake. Hulda Clark, aliyekuwa na kliniki Tijuana, Meksiko, alinadi kifaa cha betri kama hicho miaka ya 1990, akidai kinatibu hata kansa. Alifariki 2009, na kansa ndiyo iliyomuua.

Mimi siku ya tatu nikapata kidonda chini ya waya. Stima ya betri ikipita kwenye maji ya chumvi, upande wa hasi hutokea kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Hiyo huchoma ngozi. Fangasi nao wamejificha kwenye ngozi kavu iliyokufa, na stima hupenda penye maji.

Kilichonisaidia ni krimu ya klotrimazoli: mara mbili kwa siku, wiki nne, bila kuacha eti muwasho umeisha. Kausha katikati ya vidole, badilisha soksi, anika gambuti juani. Ukiwa na kisukari, au mguu ukivimba, nenda hospitali mapema.

Na beste? Simu bado nampelekea. Miguu, hapana.