Andalio lisilo na sikio

Mwalimu wa kitengo cha elimu maalum huweza kuwa na mtoto kiziwi, mtoto mwenye usonji na mtoto mwenye mtindio wa ubongo katika chumba kimoja na kipindi kimoja. Wote wanamtazamia yeye. Jioni, baada ya kusahihisha madaftari, ni sharti aketi aandike andalio la somo la kesho, tena andalio linalomkumbuka kila mmoja wao. Si ajabu, basi, kwamba tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mnamo Novemba 2022, na nyingine za aina yake kufuata, walimu wengi wamezilaki programu hizi za akili unde kwa mikono miwili. Unaandika ombi lako kwenye simu, na kabla chai haijapoa, andalio limekamilika.

Mimi si miongoni mwa wale wanaotaka vyombo hivi vipigwe marufuku. Mwalimu aliyechoka anastahili kusaidiwa. Hata hivyo, kuna uwanja mmoja ambamo yatupasa tuende kwa hadhari, nao ni kupanga vipindi vya muziki vinavyokusudiwa kuwatuliza, kuwachangamsha na kuwafungua watoto wenye mahitaji mbalimbali. Mashine inaweza kuandika mpango wa kipindi kama hicho, ila haiwezi kumsikia mtoto, na kumsikia mtoto ndiyo roho ya kazi yenyewe.

Tutazame kazi hii ilivyofanywa na waasisi wake. Mnamo mwaka wa 1959, Mmarekani Paul Nordoff, mtunzi wa muziki na mpigaji piano, alianza kushirikiana nchini Uingereza na Clive Robbins, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Wawili hao hawakumletea mtoto wimbo uliokwisha kupangwa na kumtaka aufuate. Nordoff alisikiliza jinsi mtoto alivyolia, alivyotembea au alivyogonga ngoma, kisha akabuni papo hapo muziki wa kumfuata. Mtoto alipotambua kwamba muziki ulikuwa ukimjibu, mazungumzo yakaanza, hata kama hakuwa na neno hata moja la kusema.

Sasa tuilinganishe mashine na kipimo hicho. Niliijaribu programu moja ili nione. Kwanza niliiomba andalio la dakika 30 la muziki kwa mtoto mwenye usonji. Ilinipa mpango uliopangika vizuri: wimbo wa salamu, ngoma, matoazi, mchezo wa duara na wimbo wa kuagana. Ilishauri pia kwamba mtoto ahimizwe kumtazama mwalimu machoni. Mbele ya mkaguzi, andalio lile lisingekuwa na dosari. Lakini wapo watoto wenye usonji ambao mlio wa matoazi huwaumiza mno, na wapo ambao kulazimishwa kumtazama mtu machoni ni mateso matupu. Mashine haikuniuliza mtoto wangu ni yupi kati ya hao.

Ndipo nilipopeleka ombi la pili. Safari hii sikutaja usonji hata kidogo. Nilieleza habari za mtoto wa kufikirika anayeziba masikio kengele ya shule inapolia, anayevumisha wimbo akiwa amefumba mdomo anapokuwa peke yake, na anayependa kupapasa mbegu. Jibu lilibadilika. Matoazi yaliondolewa, ikaletwa kayamba, ipigwe polepole na mtoto mwenyewe. Naye mwalimu akatakiwa aanze kwa kuuiga ule mvumo wa mtoto. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Busara ile ya pili haikuzuka ndani ya mashine, bali ilitokana na mambo ambayo mwalimu peke yake ndiye angeweza kuyaona.

Funzo ni kwamba tusiipe mashine jina la ulemavu tu, tuipe yale anayoyafanya mtoto. Jina la ulemavu huficha mengi. Ukiiambia kwamba mtoto ni kiziwi, huenda ikamtoa kabisa katika muziki, ilhali Evelyn Glennie, mpigaji ngoma mashuhuri wa Scotland aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia akiwa mtoto, hupiga bila viatu ili ahisi mitetemo ya mapigo. Ngoma ikiwekwa juu ya sakafu ya mbao, mtoto kiziwi aliyevua viatu ataupata mdundo. Umri nao haueleza mengi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka wa 2019, unawaruhusu baadhi ya wanafunzi wenye mahitaji maalum kusonga mbele kwa hatua wanazozifikia badala ya miaka waliyo nayo. Andalio la "mtoto wa miaka tisa" laweza kumpita kando mtoto wa miaka tisa aliye mbele yako.

Jambo jingine ni nyimbo zenyewe. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi ya Kiingereza na machache mno ya lugha zetu. Ukiiomba mashine bembelezi ya Kigiriama au ya Kiturkana, yaweza kukutungia beti zake yenyewe na kuzivika joho la mapokeo. Ya nini kuhangaika hivyo, ilhali nyanya ya mtoto yuko hai? Mtoto mwenye hofu hutulizwa na sauti aliyoizoea. Muulize mzazi ni wimbo gani huimbwa nyumbani kwao, kisha uiombe mashine ikusaidie kuupanga katika shughuli. Mchezo wa Ukuti, kwa mfano, huchezwa kwa duara. Mtoto wa kiti cha magurudumu si lazima akae kando atazame. Aweza kuwa upepo, akitikisa njuga ili wenzake nao watikisike.

Aidha, mwalimu asimwanike mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kushughulikiwa. Jina la mtoto, shule yake, picha yake na ripoti ya daktari visiingizwe katika programu hizi. Kusema "mwanafunzi mmoja anayetumia mkono wa kushoto pekee" kwatosha.

Tena tusijipachike vyeo. Tiba ya muziki ni taaluma yenye mafunzo yake. Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani kilianza kuitolea shahada mwaka wa 1944. Mwalimu anayetumia nyimbo kumtuliza mtoto anafanya jambo jema, lakini andalio kutoka kwenye simu halimgeuzi kuwa tabibu. Mtoto mwenye kifafa, au aliyefiwa na kunyamaza tangu hapo, anahitaji wataalamu. Kwa tathmini, kuna Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, na vituo vya tathmini ya kielimu katika kaunti. Mashine isiwe kisingizio cha kutobisha hodi huko.

Hofu yangu kubwa ni kwamba faili zetu zitajaa maandalio mazuri, mkaguzi aridhike, mwalimu mkuu apongezwe, na mtoto abaki pembeni akiwa ameziba masikio. Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi wa chuo cha ualimu unayejiandaa kwa kazi hii, kipindi kinapokwisha chukua kalamu uandike mistari mitatu: mtoto alianza kutikisa kichwa wapi, aligeuka wapi, alinyamaza wapi. Kesho yake, anza ombi lako kwa mashine na mistari hiyo mitatu. Na mtoto akiliacha andalio katikati ya kipindi akaanza mdundo wake mwenyewe, liweke andalio chini umfuate.