KIBLA NDANI YA KOMPYUTA

Wengi wenu mmeizoea Google Earth, dunia ya kwenye kompyuta iliyotolewa mwaka 2005. Mara mtu yuko Bismarck Rock, mara Ukerewe, mara Makka, bila nauli ya meli. Lakini humo mtu hupotea upesi kuliko mjini. Anayetembea njiani analo jua, anao upepo wa ziwa, na anakumbuka alikokata kona. Kwenye kompyuta wewe umekaa, dunia ndiyo inayogeuka. Vidole viwili vikijipinda kidogo kwenye simu, kaskazini iliyokuwa juu huhamia ubavuni, nawe huna habari.

Hilo huwa jambo zito mtu anapotafuta Kibla cha chumba chake. Anaona Makka iko juu ya kioo, basi anatandika mswala kuelekea kaskazini. Kutoka Mwanza, Kibla kimeinama mashariki ya kaskazini kwa nyuzi 15 na ushei. Mstari wa kaskazini tupu, ukifika usawa wa Makka, unaangukia jangwa la Sudan, zaidi ya kilomita 700 magharibi ya Kaaba!

Kwa hiyo, kabla ya kupima, bonyeza herufi N kwenye alama ya dira ili kaskazini irudi juu. Kisha panda hadi ulione ziwa zima: Mwanza chini, Bukoba kushoto, Kisumu juu upande wa kulia. Ukiiona Bukoba iko kulia, simama, ramani imepinduka. Sasa chukua rula ya programu, uvute mstari toka nyumbani hadi Kaaba. Utasoma takriban kilomita 2,770. Mstari huo hupita juu ya Ukerewe, hukata ziwa na kuingia Uganda, na mbele hupita Ethiopia na Eritrea kabla ya Bahari ya Shamu. Wako ukienda Serengeti, umekosea.

Halafu shuka hadi kwenye paa lako, utazame mstari unapita juu ya nini: jiwe kubwa, kona ya ukuta, mwembe. (Mwembe uwe na hadhari nao, picha si ya leo, huenda umekwisha katwa.) Elekea hapo. Dira ya simu huvurugwa na nondo na mabati.

Anayetaka ushahidi wa nje ya kioo atumie jua. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba. Saa za Makka ni sawa na zetu. Simika fimbo wima. Kibla ni kutoka ncha ya kivuli kwenda kwenye shina la fimbo. Kukiwa na mawingu, jaribu kesho yake saa ile ile; tofauti ni ndogo sana.